Gari la Mkate

Saa kumi na moja alfajiri Custodio anamhamisha paka,
ananipa kiti cha mbele na nusu ya blanketi.
Nyuma yetu mikate mia na arobaini
inapumua kama darasa lililoamriwa kunyamaza.
"Vijiji saba," asema, "kona mia mbili na kumi.
Nilizihesabu mwaka ule mke wangu aliponinunia."

Barabara inapanda mlima kama mtu anayetafuta neno:
anarudi nyuma, anaanza tena.
Chini kabisa, taa za Órgiva. Juu, theluji
ambayo haijapata habari kwamba ni Mei.

Honi mara mbili.
Milangoni, kwenye misumari, inaning'inia mifuko ya kitambaa
iliyotariziwa majina: Angustias. Wa Mfinyanzi. Wajane Wawili.
Custodio hasomi. Mkono wake unajua
nani kakatazwa chumvi na daktari,
nani anataka ulioungua ukingoni,
na nani kagombana na nani
hata mkate wake usitangulie wa jirani.

Kuta hapa zimepakwa chokaa juu ya chokaa,
kila mwaka koti jipya, mpaka pembe zimepotea,
mpaka nyumba zimeota mabega.
Juu ya ngazi, na brashi, yuko bibi mmoja, Virtudes,
miaka themanini na miwili, hataki kushikiliwa.
"Mkono wa babu yangu umo humu," asema, akiugonga ukuta,
"koti la tisini hivi, ukihesabu kutoka nje."
Kisha ananitazama mimi, si ukuta:
"Na wewe, wa nani?"
Namtajia mji wangu. Anautafuna kidogo,
anautikisia kichwa, kama chakula cha ugenini kisicho kibaya.

Kijiji cha tatu, maji hugawanywa kwa saa.
Alhamisi, saa mbili na robo hadi saa tatu kamili,
mfereji ni wa ukoo wa Lizana,
na kijana wao amesimama na sepetu, macho kwenye simu,
akiilinda dakika ya mwisho.
"Nani aliichimba?" nauliza.
"Wamoro," asema Custodio,
kama amtajaye mpangaji wa zamani
aliyehama akaacha samani nzuri.
Hawakuhama. Walifukuzwa.
Sisemi. Maji yanapita kati yetu, yanasema yake.

Saa nne tunakula kwenye boneti, injini ikiwa meza na jiko.
Anainua tunda jeusi: *aceituna*.
Zaituni, namjibu.
*Azúcar.* Sukari.
*Azafrán.* Zafarani.
Anaacha kutafuna. Anadhani namfanyia mzaha.
Anataka kunishika kwa neno dogo, lisilo na thamani sokoni:
"*Hasta*," asema. Hasta hapa, hasta kesho.
Hata, nasema.
Anaufuta mkono kwenye suruali, ananipa tena,
kana kwamba ule wa alfajiri ulikuwa wa majaribio.

Kijiji cha tano kina watu kumi na wanne
na kengele inayopiga saa kwa ajili ya mia nne.
Cha sita, pilipili hoho zimetungwa ukutani
tangu mwaka jana, zimekuwa rangi ya matofali,
na mlango mmoja una msumari tu.
Custodio anapunguza mwendo pale. Hasimami.

Cha saba kiko chini, upande wa pili wa mlima,
nyumba moja tu bado inatoa moshi.
Miaka kumi na miwili anamwuzia mtu asiyemwona:
sarafu juu ya dirisha, chini ya jiwe,
hazijawahi kupungua, hazijawahi kuzidi.
Anaweka mkate. Anainua jiwe.
Sarafu zipo. Kando yake
limau moja, na jani lake, lenye umande bado.

Pazia linatikisika, au ni upepo.
"Virtudes na simu yake," ananung'unika.
Ananitupia limau kifuani.
"Lako. Mimi hajanipa hata jani."